Maziwa ya Ng'ombe wa Malishoni: Mnunuzi wa Ulaya Analipia Nini?

Huenda ninyi wasomaji, hasa askari wa jeshi na polisi, mkastaajabu kuona ukurasa huu leo unaacha habari za mipaka na mikutano ya wakuu wa nchi, ukazungumzia pakiti ya maziwa. Lakini huko Ulaya pakiti hiyo imefikishwa mpaka mahakamani, na neno moja lililoandikwa juu yake limekuwa na thamani ya fedha nyingi. Neno lenyewe ni "malisho".

Kwetu sisi jambo hili ni geni. Mfugaji wa Mbarara hana haja ya kumtangazia mtu kwamba ng'ombe wake hula majani, kwa maana mnunuzi amekwisha kuwaona wakivuka barabara. Huko Ulaya mambo yamegeuka. Chukueni mfano wa Uholanzi, nchi ambayo sura yake duniani ni ng'ombe wenye mabaka meusi na meupe juu ya uwanda wa kijani. Mwaka 2001, ng'ombe tisa katika kila kumi wa maziwa nchini humo walikuwa wakitolewa nje kulisha. Baadaye mazizi yakazidi kuwa makubwa, mashine za kukamua zinazojiendesha zenyewe zikaingia, na wafugaji wengi wakaona ni nafuu kuyakata majani na kuwaletea ng'ombe ndani, pamoja na mahindi na soya, kuliko kuwatoa nje na kuwarudisha. Ilipofika miaka ya 2010, waliotoka nje walikuwa wamepungua hadi kama saba katika kumi. Watu wa mijini wakaanza kunung'unika kwamba wanapita mashambani bila kuona ng'ombe.

Hapo ndipo chapa ilipopata nguvu. Tangu mwaka 2007 pakiti za maziwa nchini Uholanzi huweza kubeba alama ya "maziwa ya malishoni", na sharti lake ni kwamba ng'ombe awe nje siku zisizopungua 120 kwa mwaka, saa zisizopungua sita kila siku. Mwaka 2012 wenye viwanda, wafugaji, wenye maduka, mabenki na vyama vya kutetea wanyama walitia saini mapatano ya kuyalinda malisho.

Sasa na tulihesabu sharti hilo, kwa kuwa mnunuzi dukani halihesabu. Siku 120 kwa saa sita ni saa 720. Mwaka mzima una saa 8,760. Basi ng'ombe aliyetimiza sharti kwa kiwango cha chini kabisa huwa nje muda usiofika sehemu moja ya kumi ya mwaka wake, na zilizobaki yuko bandani. Haya si udanganyifu, kwa maana sharti limetangazwa wazi, tena wako wafugaji wengi wanaolipita mbali. Isitoshe, majira ya baridi ya huko hayaotesha majani, na ng'ombe akiachwa nje wakati huo huigeuza ardhi kuwa tope. Lakini picha iliyo kwenye pakiti haionyeshi saa 720. Huonyesha ng'ombe, majani na jua.

Nchini Ujerumani jambo hili lilipelekwa mbele ya mahakimu. Sheria ya huko haikuwa imeeleza maana ya "maziwa ya malishoni", na walalamikaji walidai kwamba neno hilo linampoteza mnunuzi. Mwaka 2017 Mahakama ya Rufani ya mjini Nürnberg iliyakataa madai hayo. Pakiti yenyewe ilieleza kwamba ng'ombe huwa malishoni angalau siku 120, saa sita kwa siku, na mahakama iliona kwamba mnunuzi wa kawaida hatazamii ng'ombe akae nje mwaka mzima. Kwa sheria, twakubali kwamba hukumu hiyo ni nzito. Kwa desturi za watu, tuna shaka kidogo: mama mwenye mtoto mkononi na foleni nyuma yake hageuzi pakiti kusoma maandishi madogo.

Tena iko hitilafu nyingine, nayo yatatanisha zaidi. Chapa ya Kiholanzi yasema ng'ombe yuko wapi, wala haisemi anakula nini. Wairishi wamefanya kinyume. Mwaka 2020 Bord Bia, shirika la serikali ya Ireland linalotangaza vyakula vya nchi hiyo, lilitoa kipimo chake cha "kulishwa majani": chakula cha ng'ombe wa maziwa kiwe majani kwa asilimia 95. Hesabu hiyo hufanywa kwa uzito wa chakula kibichi, na majani mabichi kwa sehemu kubwa ni maji. Tuseme ng'ombe amekula kilo 95 za majani na kilo 5 za nafaka. Tukiyaondoa maji, majani yabaki kama kilo 19, na nafaka zaidi ya kilo 4. Ile asilimia 95 imekuwa kama 81. Bado ni nyingi, na Ireland kweli ni nchi ya majani. Huko Marekani, sheria ya mwaka 2010 ya maziwa ya kilimo cha asili yataka asilimia 30 tu kutoka malishoni katika msimu wa kulisha, lakini hiyo hupimwa kwa chakula kikavu. Mnunuzi anayeweka 95 kando ya 30 ni kama mtunza ghala anayelinganisha risasi zilizohesabiwa moja moja na risasi zilizopimwa kwa kilo.

Wamarekani wenyewe walikuwa na kipimo cha serikali cha wanyama wa kulishwa majani, kilichowekwa na Wizara ya Kilimo mwaka 2007 kwa ajili ya nyama. Januari 2016 wizara hiyo ilikiondoa. Kwa upande wa maziwa, kazi ya kuweka masharti imefanywa na vyama vya watu binafsi, kila kimoja na muhuri wake. Askari anajua kwamba tepe begani huheshimiwa kwa sababu lina amri ya kupandishwa cheo nyuma yake. Tepe ambalo kila mtu aweza kujishonea haliogopeshi hata kuruta.

Je, mnunuzi mwenyewe hutafuta nini? Akiulizwa hutaja raha ya mnyama, afya na ladha. Katika afya ana haki kiasi: maziwa ya ng'ombe aliyekula majani mabichi huwa na mafuta ya omega-3 zaidi, na siagi yake huwa ya manjano kwa ajili ya karotini. Lakini kiasi cha mafuta hayo katika gilasi moja ni kidogo. Wengi pia hudhani kwamba maziwa ya malishoni hayana mbolea wala dawa za viwandani, jambo ambalo chapa hiyo haikuahidi. Kisha, watu wengi husema watalipa zaidi, na wakifika dukani huchagua bei iliyo chini.

Sisi twaona kwamba hapo ndipo penye hatari, na haimpati mnunuzi bali mfugaji. Nchini Uholanzi, mashamba yenye kutoa ng'ombe nje, yaliyokuwa asilimia 81 hivi mwaka 2012, yaliendelea kushuka hata baada ya mapatano kutiwa saini. Yalipanda tena pale nyongeza ya bei ilipoongezwa, ambapo ushirika wa FrieslandCampina ulifikia kulipa euro 1.50 kwa kila kilo 100 za maziwa. Kila majira ya kuchipua, jamaa za mijini huenda mashambani na watoto kutazama ng'ombe wakifunguliwa mlango, wakirukaruka kwa furaha baada ya miezi ya bandani. Hupiga makofi na picha. Mfugaji aliyesimama mlangoni hufanya hesabu ya senti moja na nusu kwa kilo.