Bahari Baridi Haitaki Haraka

Wiki hii ametujia mama mmoja mwenye wasiwasi. Bintiye, aliyejifunza kuzamia kwa mtungi wa hewa huko Watamu, amealikwa na shangazi yake Cape Town, na sasa shauku yake yote ni misitu ya mwani iliyo chini ya bahari ya Afrika Kusini. Mama hapendi kumkataza, wala hapendi kumruhusu kijingajinga. Tunamjibu yeye, na wazazi wengine wenye swali kama lake.

Tiketi isitangulie msimu. Kama sisi tulivyo na kaskazi na kusi, Cape Town nako pepo ndizo zinazoamua. Wakati wa kiangazi chao, upepo wa kusini-mashariki husukuma maji ya juu ya Atlantiki mbali na pwani, na maji baridi ya kilindini hupanda mahali pake. Hapo bahari huwa safi, lakini joto lake laweza kushuka hadi nyuzi 10. Wakati wa baridi, wazamiaji wengi huhamia upande wa False Bay.

Bintiye amezoea maji ya nyuzi 25 na zaidi. Ajue kwamba maji hunyonya joto la mwili takriban mara 25 kuliko hewa. Atahitaji vazi zito la mpira la milimita 7, pamoja na kofia, glavu na viatu vyake. Vazi hilo humfunika tangu utosini hadi nyayoni. Na kwa kuwa hubana mwili, achukue vazi pana la kuvaa juu yake akiwa chomboni. Vazi zito huelea, kwa hiyo ataongezewa vipande vya risasi kiunoni. Uzito huo ni mgeni kwake: siku ya kwanza afanye mazoezi na mkufunzi mahali pa kina kifupi. Akitaka mkufunzi wa kike, aulize mapema.

Aende kwa daktari kabla ya safari, wala asifiche pumu au maradhi ya moyo. Mjamzito asizamie kabisa. Baada ya kuzamia mara ya mwisho, apumzike saa 24 kabla ya kupanda ndege, ili gesi iliyoingia mwilini ipate kutoka.

La mwisho ndilo tunaloliona zito zaidi. Katika baridi, hewa ya mtungi huisha upesi na vidole hufa ganzi. Akianza kutetemeka, ampe mwenzake ishara, wapande pamoja polepole. Wengi huona haya kukatiza mbizi iliyolipiwa. Basi mama amwambie bintiye kabla hajaondoka: fedha zikipotea hatutakuuliza, tunachokungojea nyumbani ni wewe.