Mwalimu wa mtoto wako amesomea nini?

Mama mmoja alimleta mwanawe kliniki akiwa na homa ya mapafu, ya tatu ndani ya mwaka mmoja. Mtoto ana miaka 8, ana mtindio wa ubongo, hatembei, na anameza kwa shida. Tulipomuuliza mama jinsi anavyomlisha, alieleza bila kukosea: anamkalisha wima, kidevu kimeinama kidogo, anatumia kijiko kidogo, na anasubiri ameze ndipo ampe kingine. Hayo alifundishwa hospitalini na anayafuata.

Ndipo tukamuuliza, “Na shuleni?” Akanyamaza kidogo. Siku moja alipomfuata mapema alimkuta ameegemezwa kwenye kiti, kichwa kimelala nyuma, ananyweshwa uji kwa kikombe harakaharaka kwa sababu wenzake walikuwa wanasubiri zamu yao. Kwa mtoto wa namna hiyo, uji ukipita njia ya hewa unaingia kwenye mapafu. Dawa tulizokuwa tunampa zilitibu homa, lakini chanzo kilikuwa kinamsubiri darasani kila asubuhi.

Mwalimu yule si mkatili. Mama mwenyewe alimsifu kwa upendo wake. Alisomea ualimu wa kawaida, akapelekwa kwenye kitengo cha elimu maalumu kwa kuwa hakukuwa na mwingine, akahudhuria semina ya siku chache. Hakuna aliyewahi kumwonyesha jinsi ya kumlisha mtoto mwenye shida ya kumeza.

Mafunzo ya walimu wa elimu maalumu kwa kawaida tunawaachia watu wa elimu. Mimi naona ni jambo la afya, na wazazi na wagonjwa tunapaswa kulipigia kelele kama tunavyopigia kelele uhaba wa dawa.

Hesabu saa tu. Mtoto anayehudhuria kliniki ya mazoezi ya viungo mara moja kwa mwezi anakaa na mtaalamu nusu saa, pengine saa moja. Mwalimu anakaa naye karibu saa 6 kwa siku, siku 5 kwa wiki. Anayeona kwanza kwamba mambo yamebadilika, mara nyingi, ni mwalimu.

Chukua kifafa. Kuna kifafa kisichoangusha mtu chini. Mtoto anaduwaa kwa sekunde chache, macho yamekaza, kisha anaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea. Inaweza kumpata mara nyingi kwa siku. Mwalimu asiyejua humwita mzembe, na wengine humchapa. Anayejua humwandikia mzazi barua ya kwenda hospitali. Na kwa kifafa cha kuanguka, anayejua humlaza mtoto ubavu, haingizi kitu chochote mdomoni, anaangalia saa, na degedege likizidi dakika 5 anamkimbiza hospitali.

Chukua pia mtoto mwenye kichwa kikubwa aliyewekewa mpira wa kupitisha maji kutoka kwenye ubongo hadi tumboni. Mpira ule unaweza kuziba hata baada ya miaka mingi. Dalili zake ni kuumwa kichwa, kutapika na kusinzia kusiko kwa kawaida. Mwalimu asiyefundishwa atadhani ni malaria, au kwamba mtoto hakulala vizuri, atamwacha alale darasani. Huyo anaweza asiamke.

Au mtoto mwenye usikivu hafifu. Wataalamu wa masikio wanashauri mtoto apimwe usikivu kabla ya kufikisha mwezi 1, tatizo lithibitishwe kabla ya miezi 3, na msaada uanze kabla ya miezi 6, kwa sababu lugha hujengeka mapema. Kwetu wengi hugunduliwa wakiwa tayari shuleni, na mara nyingi wa kugundua ni mwalimu aliyejiuliza kwa nini huyu anaangalia sana midomo ya watu.

UNICEF ilikadiria mwaka 2021 kwamba duniani kuna watoto wenye ulemavu karibu milioni 240, yaani takriban mtoto 1 kati ya 10. Idadi hiyo haiwezi kutegemea bahati ya kukutana na mwalimu mwenye moyo.

Tanzania tuna Chuo cha Ualimu Patandi, mkoani Arusha, kilichofundisha walimu wengi wa elimu maalumu. Ni kazi kubwa na inastahili heshima. Lakini cheti au stashahada humwandaa mtu kufundisha darasa. Tunahitaji pia mwalimu wa ngazi ya juu zaidi, aliyekwishafundisha miaka kadhaa, kisha akarudi chuo kikuu kusomea shahada ya uzamili katika elimu maalumu.

Majirani wameonyesha njia. Kenya ilianzisha taasisi yake ya elimu maalumu, KISE, mwaka 1986, na Chuo Kikuu cha Kenyatta kina idara ya elimu maalumu inayofundisha hadi uzamili na uzamivu. Uganda ina Chuo Kikuu cha Kyambogo chenye kitivo cha elimu maalumu na utengamao, mambo mawili yaliyowekwa chini ya paa moja, jambo linalonifurahisha mimi kama mtu wa afya. Huko Uingereza, upande wa England, mwalimu anayepewa darasa la watoto viziwi au wasioona hatosheki na shahada yake ya ualimu. Anatakiwa kupata sifa ya ziada ndani ya miaka 3.

Mwalimu mwenye uzamili anaongeza nini? Naona mambo matatu. Kwanza, upimaji: anaweza kutofautisha mtoto asiyesoma kwa sababu haoni ubao, asiyesikia, mwenye usonji, na yule ambaye tatizo lake ni njaa. Pili, anaweza kuandika mpango wa mtoto mmoja mmoja na kuupima baada ya miezi 3 kama umefanya kazi, kama daktari anavyopima dawa. Tatu, anaweza kuwafundisha wenzake, na kuzungumza na daktari, mtaalamu wa mazoezi na mtaalamu wa matamshi kwa lugha wanayoelewana. Hili la tatu ndilo tunalokosa zaidi. Leo barua ya hospitali inafika shuleni ikiwa imejaa maneno ya kitabibu, inawekwa kwenye faili, basi.

Najua pingamizi. Wapo wanaosema fedha za kumsomesha mmoja uzamili zingetosha kuwapa semina walimu wengi wa kawaida. Wapo wanaosema, tena kwa haki, kwamba mwalimu akipata uzamili haonekani tena darasani: anahamia wilayani, wizarani, au kwenye mradi wenye mshahara mnono.

Pingamizi la kwanza nalijibu hivi: semina hizo nani atazifundisha? Zikifundishwa na mtu ambaye naye alijifunza kwenye semina, tutaendelea kupokea watoto wenye homa ya mapafu. Walimu wa kawaida wanahitaji mafunzo, na wanahitaji mtu wa kumpigia simu siku wanapokwama.

Pingamizi la pili ni zito, na halitaondoka kwa mahubiri. Mwalimu anakimbia darasa kwa sababu muundo wa utumishi unamlipa akikimbia. Dawa yake ni kuunda cheo cha mwalimu bingwa wa elimu maalumu, chenye mshahara wa ngazi ya uzamili, kwa sharti kwamba sehemu kubwa ya wiki yake iwe na watoto na walimu wao. Daktari bingwa haachi wagonjwa kwa kuwa amekuwa bingwa. Kwa nini mwalimu aache watoto?

Ningependa kuona kila halmashauri ikiwa na angalau mwalimu mmoja wa ngazi hiyo, anayezunguka shule zote zenye vitengo. Kenya imekuwa na vituo vya upimaji na nyenzo tangu 1984, na sisi tunaweza kujenga vyetu tukimzunguka mwalimu huyo. Pia ningependa mafunzo yake yawe na wiki kadhaa hospitalini: kwenye kliniki ya watoto, ya mazoezi ya viungo, ya masikio na ya macho. Atoke akiwa amemshika mtoto mwenye mtindio wa ubongo kwa mikono yake.

Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inatambua haki ya mtoto huyu kusoma. Haki hiyo ina maana ndogo ikiwa anayemfundisha hajui akohoe lini na akimbizwe lini.

Wakati tukisubiri, mzazi, usikae kimya. Ukimpeleka mtoto shuleni uliza bila ugomvi: Mwalimu, umesomea elimu maalumu wapi na kwa muda gani? Nani anakusaidia ukikwama? Mtoto akianguka kifafa mnafanya nini? Anakula akiwa amekaaje? Peleka karatasi moja yenye jina la ugonjwa kwa Kiswahili, dawa na saa zake, mambo ya hatari, na namba yako ya simu. Ukienda kliniki, mwombe daktari akuandikie maelezo ambayo mwalimu atayaelewa. Ni haki yako kuomba, na sisi wahudumu wa afya tunatakiwa kukuandikia.

Kwa yule mama tuliandika karatasi hiyo na kuchora jinsi mtoto anavyotakiwa kukaa. Akaenda nayo shuleni, akamwonyesha mwalimu mwenyewe, kwa kijiko na uji. Hawakuchukua hata nusu saa. Mwalimu alishika haraka, akasikitika kwamba hakuna aliyemwambia mapema.

Mtoto yule sasa anakula akiwa wima. Lakini darasani mwake wamo wengine wanaolishwa na mikono ileile, na shule za namna hiyo ni nyingi. Hao hawawezi kusubiri mpaka mama wa kila mmoja aulizwe kliniki, “Na shuleni?”