ED ya uongo ni wizi

Mfanyakazi anayejitia mgonjwa ili asiende kazini anaiba, na anayeibiwa kwanza si tajiri wala serikali. Ni mwenzake wa zamu.

Tutazame wodini, kwa kuwa huko madhara hayakawii kuonekana. Muuguzi wa zamu ya usiku anatuma ujumbe jioni: homa imempanda, hawezi kusimama. Saa tatu yuko ukumbini, amevaa sare ya harusi. Mwenzake aliyebaki anagawa dawa za wodi nzima peke yake, anamkimbilia mama aliyeshikwa na uchungu, huku dripu ya mtoto upande wa pili imekwisha. Kukicha, likitajwa kosa la usiku ule, jina la mtegaji halimo. Lililomo ni la aliyekuja kazini. Katika Alfu Lela Ulela, punda alimfundisha ng'ombe kujitia mgonjwa, kesho yake akafungwa jembe yeye. Huyu muuguzi aliyebaki hakumfundisha mtu hila yoyote, na jembe amefungwa.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania Bara ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi siku 126 za ugonjwa katika mzunguko wa miezi 36: siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili, 63 zinazofuata kwa nusu mshahara. Asipoleta cheti cha daktari, mwajiri halazimiki kumlipa. Haki yote hiyo, iliyopiganiwa na wafanyakazi, inategemea karatasi moja. Kwa hiyo tabibu anayepokea noti na kuandika ED, cheti cha kumpumzisha mgonjwa kazini, bila hata kumpima mtu joto hatuwezi kumwita msaidizi wa wanyonge. Anaichafua karatasi ambayo kesho mgonjwa wa kweli ataileta, isiaminiwe.

Na mgonjwa huyo yupo. Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi zaidi duniani wanaozaliwa na selimundu, na watoto hao wakikua wanaajiriwa. Leo mmoja wao anagaagaa kwa maumivu ya mifupa. Baada ya siku chache anatembea, ngozi haina hata mchubuko. Msimamizi aliyechoshwa na malaria za kila Jumatatu anamtazama kwa jicho lile lile. Naye, kwa kuogopa kuitwa mtegaji, anajikaza kazini juani, bila maji ya kutosha wala pumziko, mambo yale yale yanayoyachochea maumivu yake. Hili ndilo linalotukasirisha kuliko mshahara unaopotea.

Tunajua wapo wakubwa wanaonyima ruhusa hata ya kumpeleka mtoto kliniki, mtu akaona homa ya kubuni ndiyo pekee itakayosikilizwa. Ukatili huo ukome. Lakini sare ya harusi si mtoto mgonjwa.

Waajiri wapige simu kituo cha afya kuhakiki kila cheti wanachokitilia shaka. Aliyeghushi apelekwe polisi, kwani kughushi hati ni jinai. Daktari anayeuza saini yake afikishwe mbele ya Baraza la Madaktari Tanganyika. Na msimamizi aliyekwisha kudanganywa asimlipizie mwenye selimundu: akisema mifupa inamuuma, atafutiwe gari la kumpeleka hospitali, na maswali yasubiri.