Spoila ya dabi ilivyotufunga wenyewe

Siku ya dabi ya Kariakoo, Dar es Salaam haina gari la kawaida. Kuna magari mekundu na kuna magari ya kijani na njano. Bendera zinatoka madirishani, vuvuzela zinalia tangu asubuhi, na gari ambalo jana lilikuwa linapeleka watoto shule leo limegeuka jukwaa la mashabiki. Mimi napenda mambo haya. Anayesema hapendi ana lake jambo.

Katika dabi moja ya karibuni mpwa wangu alitaka kuwafunika wote. Dogo ana Vitz aliyoinunua kwa jasho lake, baada ya miaka ya kusimama kwenye duka la watu. Bendera aliona zimezoeleka. Akataka spoila. Tena si ile ya kununua dukani, ya kwake mwenyewe. Kubwa, ya ghorofa mbili, rangi ya klabu, na jina la timu mgongoni ili anayemfuata alisome mpaka Temeke. Klabu sitaitaja. Nikiitaja tu, nusu yenu mtaacha kusoma hapa hapa.

Ijumaa usiku spoila ikafungwa. Kwa macho ilikuwa kitu hasa. Mtaa mzima ulitoka kupiga nayo picha.

Siku ya mechi tukaingia Barabara ya Mandela, mimi nimekaa mbele pembeni ya dogo. Tulipoipita Buguruni foleni ikafunguka, dogo akakanyaga mafuta. Kwenye 80 hivi nikasikia sauti kama ya bati linalong'olewa na upepo. Nikageuka. Spoila haipo. Nyuma yetu kulikuwa na bodaboda amepakia abiria. Ile spoila ilidunda kwenye lami mara moja, ikapita karibu na goti la abiria, ikaishia mtaroni. Pikipiki iliyumba kulia, ikayumba kushoto, ikasimama. Abiria alikuwa amevaa jezi ya timu yetu.

Hakuna aliyeumia. Tuliposhuka kuomba radhi, dereva wa boda hakutukana. Aliniangalia mimi, mtu mzima, akaniuliza: "Mzee, mnataka kutuua kwa ajili ya urembo?"

Mechi yenyewe siikumbuki vizuri. Swali lile nalikumbuka mpaka leo.

Turudi nyuma kidogo. Tamaa hii ya spoila inatoka wapi? Inatoka kwenye televisheni, kama inavyotoka tamaa ya kunyoa nywele kama fulani wa Madrid. Dogo aliangalia Safari Rally kule Naivasha, Kenya. Mwaka 2022 Toyota walimaliza wa kwanza, wa pili, wa tatu na wa nne, Kalle Rovanperä akiwa mbele. Mwaka 2023 wakarudia kushika nafasi zote nne, safari hii mshindi akiwa Sébastien Ogier. Gari lao ni Yaris. Na Yaris ni nani? Ni ndugu yake Vitz. Hadi mwaka 2020 Wajapani walimwita Vitz, Wazungu wakamwita Yaris. Kwa hiyo dogo alipoona lile bawa kubwa la nyuma, akaona tofauti yake na Rovanperä ni spoila tu.

Kumbe tofauti ni zaidi ya hapo. Ile Yaris ya mwaka 2022 ilikuwa na nguvu za farasi zaidi ya 500 na ilikuwa inasukumwa na magurudumu yote manne. Vitz ya dogo ina injini ya lita moja, farasi kama 70, na inavutwa na magurudumu ya mbele. Bawa la nyuma linakandamiza matairi ya nyuma. Sasa wewe unavutwa na matairi ya mbele, unayakandamiza ya nyuma ili iweje? Ni sawa na timu isiyofunga mabao kwenda sokoni kununua kipa wa tatu.

Halafu kuna hesabu. Nguvu ya upepo haipandi sawa na mwendo. Mwendo ukiwa mara mbili, nguvu inakuwa mara nne. Chukua spoila ya urefu wa sentimita 120 na upana wa sentimita 15, iliyokaa vizuri kwenye upepo. Kwa mwendo wa 50, ambao ndio ukomo wetu mjini, itakandamiza kwa uzito usiofika kilo mbili. Pakiti mbili za sukari hazijai hapo. Kwa 100 utapata kama kilo saba. Gari lenyewe lina uzito wa karibu tani moja. Kwa hiyo fundi anayekwambia spoila "itaituliza gari" pale Mwenge kwenye foleni, mwambie akutulize wewe kwanza.

Msinielewe vibaya. Sisemi spoila haina kazi. Waulize Audi. Walipotoa gari dogo la TT mwaka 1998, mgongo wake ulikuwa mviringo safi, hauna kitu. Zuri kweli kweli. Zikatokea ajali za mwendo mkali kwenye barabara kuu za Ujerumani, nyuma inakuwa nyepesi, gari linamponyoka dereva. Kampuni ikayaita magari yarudi, yakafungiwa spoila ndogo nyuma pamoja na mfumo wa umeme wa kuzuia kuteleza. Ile spoila haikuwa urembo. Iliwekwa kwa sababu kulikuwa na tatizo, tena la mwendo ambao Vitz yetu haiufikii.

Na usidhani kuifunga vibaya ni ujinga wa gereji za uswahilini peke yake. Mlima wa Montjuïc mnaujua, kule Barcelona walikohamia mwaka 2023 wakati Camp Nou inakarabatiwa. Zamani magari ya Formula One yalikuwa yanashindana kwenye barabara za mlima ule ule. Mwaka 1969 timu ya Lotus ilikwenda pale na mabawa marefu yaliyosimama juu ya miguu myembamba. Bawa la Graham Hill likavunjika, akagonga. Mwenzake Jochen Rindt, bawa likavunjika karibu pale pale, naye akagonga, akaumia usoni. Wiki mbili baadaye, Monaco, mabawa yale marefu yakapigwa marufuku katikati ya shughuli. Hao walikuwa wahandisi wakubwa wa dunia. Bawa lilikuwa zuri, mguu wa kulishikilia ndio uliowaangusha.

Tulipoiokota ya kwetu mtaroni tukaikuta na ugonjwa ule ule. Ilikuwa imeshikwa kwa tepu ya gundi ya pande mbili, silikoni, na skrubu mbili fupi kwenye bati jembamba la mlango wa nyuma. Chini ya tepu kulikuwa na vumbi la msasa. Jua la Dar likalainisha gundi, kila tuta likaitikisa, upepo ukamalizia. Fundi alitumia siku tatu kwenye rangi na robo saa kwenye kufunga.

Lakini nisimtupie fundi mzigo wote. Nani alimpigia simu kila baada ya saa moja? Sisi. Nani aliuliza rangi itang'aa vipi, asiulize itashikwa na nini? Sisi. Tulimfanya kama viongozi wa klabu wanavyomfanya kocha: matokeo kesho, mazoezi tutajua baadaye.

Baada ya dabi dogo alitaka kuacha kabisa. Nikamwambia hapana, tengeneza nyingine, ila safari hii tuanze na maswali. Tukatafuta fundi mwingine, mzee mmoja anayetengeneza boti za faiba, maana anayejua kupigana na maji atajua kupigana na upepo.

Mzee hakugusa msasa siku ya kwanza. Alichukua vipande vifupi vya uzi wa kufumia, akavibandika juu ya paa na kwenye kioo cha nyuma, akamwambia dogo aendeshe taratibu barabara tupu alfajiri, huku mwenzake akimpiga video kutoka gari la pembeni. Juu ya paa nyuzi zote zililala zikitazama nyuma, kama askari wa gwaride. Kwenye kioo zilikuwa zinacheza ovyo, nyingine zinatazama juu. "Unaona?" mzee akasema. "Upepo unaagana na gari pale paa linapoishia. Spoila yako ya kwanza ilikuwa chini, imejificha." Yaani ilikuwa mshambuliaji aliyesimama nje ya chaki akidai pasi.

Kwa hiyo ya pili ikachorwa kwenye boksi, ikaanzia ukingoni mwa paa na kufuata mstari wake, ikarefuka kidogo tu nyuma. Haina ghorofa. Ukiisimamisha wima sana, mzee anasema, umetengeneza breki ya kula mafuta.

Umbo likachongwa kwa lile povu jeupe linalofungiwa televisheni. Hapa dogo aliharakia. Akapaka rezini ya faiba moja kwa moja juu ya povu. Dakika chache povu likayeyuka kama barafu ya ukwaju. Mzee alicheka mpaka akakaa chini. Rezini ile inalila povu lile, kwa hiyo lazima ulifunike kwanza kwa tepu vizuri, pasibaki tundu. Mara ya pili wakafunika, wakalaza tabaka tatu za faiba, na kila mahali patakapopita bolti wakazika kipande cha bati ndani.

Ilipokauka wakaipima kwenye mzani wa duka: kilo mbili na nusu. Ile ya kwanza, iliyojazwa pati, ilikuwa na kilo sita. Ndiyo maana mlango wa nyuma ulikuwa haukai juu, unamshukia mtu kichwani akiwa anatoa mizigo. Sisi tulidhani shoki zimechoka.

Kufunga kulichukua siku nzima. Bolti nne zinazopenya mpaka ndani, washa pana upande wa ndani ili nguvu isikae sehemu moja, mpira wa kuzuia maji, na nati zisizolegea kwa mtikisiko. Kila tundu lilipakwa rangi kabla ya bolti kuingia, vinginevyo masika yakija kutu inaanzia hapo. Ncha zote zikaviringwa ili zisimkate mtu. Taa ya juu ya breki ikaachwa wazi. Mwisho mzee akafunga kamba na kuning'iniza ndoo ya maji ya lita 20, ambayo ni karibu mara tatu ya ule uzito wa mwendo wa 100. Kisha vijana wawili wakaivuta kuelekea nyuma na juu. Haikutikisika. Hapo ndipo akaruhusu rangi.

Je, Vitz sasa inakimbia zaidi? Haikimbii. Dogo mwenyewe akiulizwa anajibu bila aibu kwamba ni urembo. Nami nasema urembo si dhambi. Jezi nayo haifungi bao, na bado tunainunua. Lakini jezi ikikuchanikia umeaibika wewe. Spoila ikichomoka anaumia mtu mwingine, ambaye hata picha hakupiga nayo.

Kwa hiyo nina ombi kwa viongozi wa matawi, maana nyinyi ndio mnaopanga misafara ya dabi. Mnakagua kadi, mnakagua sare, mnagawa bendera. Ongezeni dakika kumi. Kabla msafara haujaondoka, mtu mmoja apite kila gari, atikise spoila, atikise mti wa bendera, atikise spika iliyofungwa juu ya paa. Kinachocheza kinashuka, hata kama ni cha mwenyekiti. Na nyinyi wenye magari, kabla hamjamuuliza fundi rangi, mwulizeni itashikwa na nini.

Fundi wetu wa mtaani anaweza. Kwa povu la televisheni na faiba ya boti ametengeneza kitu cha kilo mbili na nusu kinachobeba kilo 20. Mpeni muda, na mlipeni ile kazi isiyoonekana kama mnavyomlipa ile inayong'aa.

Dabi ijayo dogo ataendesha kama kawaida yake. Mimi nimemwambia tutaonana uwanjani. Nitakwenda kwa bodaboda, nyuma ya magari yenu.