Mzigo wenye kasoro uwekee alama siku hiyo hiyo

Wauzaji wenzangu, leo naongelea kitu ambacho wengi wetu hatukifanyi, na mimi nilikuwa mmoja wao: kuweka alama kwenye mzigo wenye kasoro.

Nauza unga wa lishe mtandaoni, nafungasha nyumbani Kibaha, Maili Moja. Siku moja mteja akanirudishia pakiti mbili. Moja kaifungua, ya pili hajaigusa. "Dada, unga wako unanuka ukungu." Nikamuomba radhi, nikamrudishia hela yake. Pakiti nikaziweka kwenye shelfu, nikasema kesho nitaziangalia.

Kesho yake nikaenda kununua karanga. Huku nyuma ikaingia oda ya Mlandizi. Binti anayenisaidia akaona pakiti nzima ipo, imefungwa vizuri, akampa bodaboda. Jioni simu ikaita: "Huu ulikuwa wa uji wa mwanangu. Umenitumia mbovu makusudi?"

Nilikosa la kusema. Na binti hakukosea. Ile pakiti haikuwa na chochote cha kumwambia "usiniguse". Mimi ndiye niliyejua, na mimi nilikuwa sokoni.

Viwandani jambo hili lina utaratibu. Kiwango cha ISO 9001 cha mwaka 2015 kina kipengele kizima, namba 8.7: kitu kisichokidhi matakwa kitambuliwe na kidhibitiwe, kisije kikatumika au kumfikia mteja kwa bahati mbaya. Halafu iandikwe kasoro ni nini, kimefanyiwa nini na nani kaamua.

Utasikia mtu anasema hayo ni ya viwanda vikubwa. Mimi naona sisi tunayahitaji kuliko wao. Wao wana ghala na wakaguzi. Sisi tuna chumba kimoja, kizuri na kibovu vinalala pamoja.

Kwenye chakula ndiyo usifanye utani kabisa. Mwaka 2016 watu walipoteza maisha Dodoma na Manyara kwa sababu ya sumukuvu kwenye mahindi. Sumu hiyo haiishi kwa kupika. Kwa hiyo unga wenye ukungu usiuchanganye na mzuri, usiuchekeche uuze tena, na usiwape kuku. Ni wa kutupa.

Sasa hivi nafanya hivi:

1. Kikirudi kitu, kabla sijakaa chini nakifunga kitambaa chekundu na karatasi: tarehe, kasoro, kimetoka mzigo gani.

2. Kinaingia kwenye ndoo yenye mfuniko, mbali na shelfu. Chumba kikiwa kidogo, hata uvunguni kwa kitanda panatosha. Mwenye ruhusa ya kufungua ni mimi tu.

3. Nasimamisha pakiti zote zilizofungashwa siku ile, kisha nawapigia waliokwisha kununua. Hapa sisi wa mtandaoni tuna bahati, oda na namba za wateja zote zipo kwenye simu.

4. Naamua ndani ya siku mbili: kurekebisha, kumrudishia aliyeniuzia, au kutupa. Naandika kwenye daftari.

Kama huuzi chakula una njia moja zaidi. Mdogo wangu yuko Kisarawe, anauza viatu vya mtumba. Kiatu chenye soli iliyoachia anakifunga utepe mwekundu, anapiga picha palepale penye kasoro, anaposti kwa bei ya chini. Mteja ananunua akijua. Hiyo ni biashara halali. Kumficha halafu useme "mtumba ndivyo ulivyo" ni wizi tu.

Najua mtaniambia kuhusu hasara. Kweli inauma. Siku ile nilitupa pakiti 14 za shilingi 5,000, yaani elfu sabini imeenda. Lakini yule mama wa Mlandizi alikuwa ananunua kila mwezi, na hajarudi tena. Hesabu miaka miwili ya oda zake uone hasara kubwa ni ipi.

Kitambaa chekundu unakipata kwa fundi cherehani, vipande vya kutupa. Leo kabla hujaposti, pita kwenye shelfu yako. Kama kuna kitu ulichokiweka pembeni "nitakiangalia kesho", kifunge sasa hivi. Kesho anayetoa mzigo anaweza asiwe wewe.