Ruhusa ya Nani?

Tuulizane neno moja: mtu mzima asiyemdhuru mwenzake aombe ruhusa ya nani?

Tangu 1948 Wabelgiji walitoa cheti cha sifa ya uraia. Aliyekitaka alichunguzwa hata nyumbani mwake: anakula namna gani, analala wapi, ana wake wangapi. Ilikuwa aibu. Mwaka 1960 tulipata uhuru. Lakini mwaka 1972 Mobutu, mtoto wa nchi, akatukataza majina ya Kikristo. Bwana alibadilika, kuomba ruhusa kukabaki.

Na sisi waume, je? Sheria ya jamaa ya 1987 ilimtaka mke apate ruhusa ya mumewe ndipo apatane kazi na mtu. Sheria ya 2016 ikaiondoa amri hiyo. Hata hivyo wako waume wasemao bado: «Mke wangu hafanyi kazi nisipokubali.» Tulikataa Mzungu atuchungulie sahani, mbona tumhesabie mke franka zake za soko?

Kushauriana nyumbani ni vema. Kuamuru ni jambo lingine. Apendaye uhuru wake auheshimu na wa mkewe, maana uhuru wa nchi ni wa kila mtu mmoja mmoja.