Mizani na Mistari ya Kompyuta

Limeenea katika studio zetu neno "kusahihisha". Mwimbaji wa taarabu akishamaliza kazi yake na kuaga, fundi huikata sauti yake vipande vipande ndani ya programu ya kurekodia, akavisogeza kimoja kimoja mpaka kila kipande kiangukie juu ya mstari wa kompyuta. Kilichochelewa huharakishwa, kilichowahi hucheleweshwa. Kisha tunaambiwa wimbo umesahihishwa. Nauliza: kosa lilikuwa lipi?

Swali hili linawahusu washairi kabla ya wanamuziki. Kwa bahati mbaya idadi mbili zimefanana. Mshororo wa shairi letu tulilolizoea una mizani 16, nane za ukwapi na nane za utao. Nazo programu hizi, katika kila mapigo manne, mara nyingi huchora visehemu 16. Fundi asiyeujua ushairi huona silabi 16 na vyumba 16, akadhani kila silabi imepangiwa chumba chake. Lakini mizani huhesabu silabi, haihesabu muda. Mtunzi akishatimiza hesabu yake humwachia mwimbaji uhuru wa kuzipitisha silabi hizi upesi na kuivuta ile mpaka ijae. Mwimbaji anayeukawiza utao hadi dumbaki limekwisha kulia hakupotea njia; anamngojesha msikilizaji kina. Isogeze sauti ile juu ya mstari, na kina kitafika kama karani anayewahi kutia saini daftari la mahudhurio.

Mistari yenyewe imetoka wapi? Programu nyingi, zikifunguliwa tu, huanza na mapigo 120 kwa dakika. Hakuna mpiga dumbaki aliyeulizwa.

Tena taarabu si muziki wa chombo kimoja. Fidla, udi, kanuni na akordioni hushika lahani moja, kila kimoja kikiipamba kwa namna yake, na katika kupishana kwao huko ndimo unene wa sauti unamotoka. Hata maumbile yana sehemu yake. Sauti husafiri kiasi cha mita 340 kwa sekunde. Basi mpigaji aliyeketi mita sita kutoka kwenye dumbaki hulisikia likiwa limechelewa karibu sehemu 18 za elfu moja ya sekunde. Kuchelewa huko ndiko ukumbi. Fundi hukufuta kote, kisha akatafuta programu nyingine ya kumtengenezea ukumbi wa bandia!

Hatuikatai mashine. Siti binti Saad na wenzake walipokwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri, hapakuwa na mkasi wa kuondolea kosa. Wimbo ulioharibika uliimbwa upya tangu mwanzo. Leo kikohozi hukatwa, ubeti uliovurugika huchukuliwa kutoka rekodi ya pili, na mashine mbili ambazo saa zake hazikulingana huoanishwa. Hizo ni kazi za haki, na anayezifanya vizuri anastahili shukrani. Huyo anaondoa ajali. Mwenzake anaondoa uamuzi wa mwimbaji, wala hamwulizi.

Wapo watakaojibu kwamba vijana wamezoea mapigo yaliyonyooka na hawataki mengine. Vijana hao hao huwaona wakicheza kidumbaki harusini, ambako hakuna mstari wowote, na sijapata kumwona aliyeketi kitako kwa kulalamika kwamba sanduku limechelewa.

Basi vikundi vyetu viweke sharti kabla ya kulipia studio. Rekodi ya asili, isiyosogezwa hata kipande kimoja, ihifadhiwe na ikabidhiwe kikundi pamoja na ile iliyotengenezwa. Siku ya kusikiliza ichezwe kwanza hiyo ya asili, mbele ya mwimbaji na mtunzi wa maneno. Kipande watakachosema kimekosea, fundi akisogeze. Vilivyobaki aviache pale vilipoangukia.